Kutengeneza Karatasi kwa Mkono Nyumbani, na Vitu Vitatu vya Kufanya Nayo

Karatasi ni nyuzi za mmea zilizotawanywa majini, zikachujwa juu ya wavu, zikaachwa zikauke zikiwa zimelaliana. Hakuna gundi inayozishika. Maji yakiondoka polepole, nyuzi husogeleana na selulosi, yaani kitu chenyewe kinachojenga nyuzi za mmea, ya uzi mmoja hung'ang'ania ya mwenzake yenyewe. Ndiyo maana karatasi ukiiloweka na kuisaga hurudi kuwa rojo, na ndiyo maana karibu kila kosa la anayeanza lina mkono wa maji: yamekuwa machache kwenye beseni, yamebaki mengi kwenye kitambaa, au yamelazimishwa kutoka haraka.

Mahitaji yote hupatikana nyumbani: karatasi chakavu, fremu mbili, wavu, beseni, blenda, sponji, vitambaa vya pamba na mbao mbili za kukandamizia. Tenga siku moja ya kuloweka, nusu siku ya kazi yenyewe, na siku mbili za kukausha.

Karatasi za kusaga

Anza na karatasi nyeupe za printa na za daftari. Mti wake ulipikwa kwa kemikali hadi lignini, gundi ya asili ya mti, ikatoka, kwa hiyo nyuzi ni imara na hazigeuki njano upesi. Gazeti ni habari nyingine. Mti wake ulisagwa tu na lignini ikabaki ndani, nayo ndiyo inayoligeuza njano likikaa juani. Nyuzi zake ni dhaifu, na wino hulitia rojo rangi ya kijivu. Ukitaka kulitumia, lisizidi robo ya mchanganyiko. Maboksi ya kaki yana nyuzi ndefu na hutoa karatasi ngumu ya majalada, ila yaloweke usiku kucha na uyabandue tabaka kwa tabaka kabla ya kusaga. Trei za mayai zimetokana na karatasi iliyokwisha kurejelezwa, nyuzi zimekatikakatika. Ziweke akiba kwa ajili ya bakuli.

Majarida yanayong'aa yaache. Sehemu kubwa ya uzito wake ni udongo uliopakwa juu ili picha zikae vizuri, na ukiyasaga unapata tope. Risiti za mashine nazo ziache, kwa kuwa zina dawa inayobadilika rangi kwa joto. Pakiti za maziwa na juisi zina plastiki ndani, itakuzungusha kutwa nzima.

Toa pini za stepla, selotepu na vidirisha vya plastiki vya bahasha kabla ya kuloweka, si baada. Pini moja iliyojificha ndani ya rojo inaharibu kisu cha blenda, na ikiponyoka hapo itaacha doa la kutu kwenye karatasi yako miezi baadaye.

Kuhusu kiasi, hesabu ni nyepesi. A4 ni sehemu moja ya 16 ya mita ya mraba, kwa hiyo A4 ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina uzito wa gramu 5. Karatasi ya mkono ya ukubwa wa A5, yaani nusu ya A4, yenye unene wa kadi nyepesi, nayo huchukua kati ya gramu 4 na 5. Basi A4 moja inakupa A5 moja. Chukua A4 20 na utegemee kupata 15 au zaidi kidogo, maana daima kuna rojo linalobaki mwishoni ambalo limepungua mno kuchoteka.

Zichane vipande vya sentimita 2 hivi. Kuchana ni bora kuliko kukata kwa mkasi: ukingo uliochanika una nyuzi zilizo wazi na hunywa maji haraka. Loweka kwenye maji ya moto kwa saa 2, au ya baridi usiku kucha.

Fremu na wavu

Unahitaji fremu mbili zinazolingana kabisa, ndani zikiwa sentimita 15 kwa 21. Moja inabeba wavu. Ya pili haina kitu, inakaa juu yake na kuzuia rojo lisimwagike pembeni. Tutaiita kizuizi. Tumia mbao za sentimita 2 kwa 2, au fremu mbili za picha zinazofanana ambazo umetoa kioo. Kimo cha kizuizi si cha kubahatisha, kwa sababu ndicho kinachoamua unachota maji kiasi gani, na kwa hiyo karatasi itakuwa nene kiasi gani. Sentimita 2 inatosha kwa kadi na daftari.

Wavu unaofaa ni ule wa plastiki wa madirishani wa kuzuia mbu. Chandarua cha kitandani hakifai: ni laini, kinavutika na kulegea. Wavu wa chuma usio wa pua hupata kutu. Ulowanishe kwanza, kisha ubane kwa stepla katikati ya upande mmoja, uvute, ubane katikati ya upande unaoukabili, halafu pande mbili zilizobaki, ndipo umalizie kwenye pembe. Ukiugonga kwa kidole unatakiwa kurudi kama ngozi ya ngoma. Ukibonyea katikati, rojo litakusanyika hapo na utapata karatasi nene kitovuni na nyembamba pembeni, ambayo ikikauka itajikunja kama jani. Paka fremu vanishi mara mbili, la sivyo mbao zitavimba na kupinda.

Kusaga

Weka kwenye blenda lita moja ya maji na karatasi zilizolowa za A4 2 au 3, basi. Anayejaza mtungi ili amalize haraka huunguza mota. Saga kwa vipindi vya sekunde 10, mara 3 au 4, ukipumzisha katikati.

Rojo limeiva lini? Chukua kijiko kimoja, kimimine kwenye glasi ya maji safi, tikisa, kisha itazame ikielekea dirishani. Nyuzi zikielea kama wingu lisilo na madonge, tayari. Ukiona vipande vyenye herufi zinazosomeka, rudisha, isipokuwa kama unavitaka kwa urembo. Vipande vichache vya maandishi ndani ya karatasi ya kaki hupendeza. Usisage kupita hapo. Kisu cha blenda hakitenganishi nyuzi tu, kinazikata, na kila kukata kunapunguza nguvu ya karatasi.

Asiye na blenda atumie kinu na mchi. Karatasi ilowekwe usiku kucha, itwangwe dakika 15 hadi 20 kwa mafungu madogo. Inachosha, lakini mchi unaponda bila kukata, na karatasi inayotoka huwa ngumu zaidi. Kumbukumbu za kale za China humtaja Cai Lun, ofisa wa ikulu ya Han, aliyeiwasilisha kazi hii kwa mfalme mwaka 105 akitumia magome ya miti, katani, matambara na nyavu chakavu za samaki. Vitu hivyo vyote vinataka kupondwa. Matambara usiyajaribu kwenye blenda, yanajiviringisha kwenye kisu.

Kuchota

Beseni liwe pana kuliko fremu kwa sentimita chache kila upande. Mimina rojo la karatasi 12 za A4, ongeza maji hadi kufikia lita 10 na kina cha angalau sentimita 12. Litaonekana jepesi mno, kama maji ya kuoshea mchele. Liache hivyo hivyo. Rojo zito ndilo hutoa karatasi yenye mabonge, kwa kuwa nyuzi zilizobanana hunasana kabla hazijafika kwenye wavu.

Koroga kwa mkono kutoka chini kila mara kabla ya kuchota, maana nyuzi hutuama upesi. Lowanisha wavu. Weka kizuizi juu ya upande wa wavu, shika fremu zote mbili kwa pamoja, mkono mmoja kila upande mfupi. Ziingize zikiwa zimesimama kidogo kwenye ukingo wa beseni ulio mbali nawe, zilaze chini ya maji huku ukizivuta kuelekea kwako, kisha zinyanyue zikiwa zimelala sawasawa. Mwendo wote ni mmoja. Ukisita katikati, rojo hukimbilia upande mmoja.

Sasa zinakuja sekunde 3 zinazoamua kila kitu. Maji yakiwa bado yanashuka, tikisa fremu taratibu kulia na kushoto, halafu mbele na nyuma. Hapo nyuzi zinapishana kama majani ya mkeka, na karatasi inapata nguvu kila upande. Uso wa rojo ukianza kupoteza mng'ao, acha. Ukiendelea kutikisa baada ya hapo unapasua kitu kilichokwisha kushikana. Inamisha fremu upande wa pembe moja kwa nusu dakika maji yachuruzike.

Toa kizuizi kwa kukinyanyua wima. Tone likianguka kutoka kwenye mbao linaacha alama ya duara jembamba ambayo haifutiki, hata ukikandamiza. Hujaipenda karatasi? Geuza wavu kifudifudi na uguse uso wa maji kwenye beseni; rojo lote litarudi, hujapoteza chochote.

Kila ukichota karatasi 2, ongeza rojo la kiasi cha robo tatu ya lita kama lilivyotoka kwenye blenda, ukiwa umelichuja kidogo ili beseni lisifurike. Usipoongeza, karatasi ya 6 itakuwa nyembamba waziwazi kuliko ile ya kwanza na hutajua kwa nini.

Kuhamishia kwenye kitambaa

Hatua hii ndiyo inayowakatisha watu tamaa. Siri yake ni kwamba rojo huenda penye kushikika zaidi. Kitambaa kikiwa kikavu, halitashika. Wavu ukiwa umejaa maji, nalo linabaki kwenye wavu.

Kunja taulo lenye maji ya kutosha liwe tuta dogo, katikati pakiwa juu kidogo kuliko pembeni. Tandika juu yake kitambaa cha pamba kilicholowanishwa na kukamuliwa, bila hata mkunjo mmoja, kwa kuwa mkunjo wa kitambaa unachapwa kwenye karatasi. Simamisha fremu kwa ubavu wake mrefu kwenye ukingo wa kitambaa, ilaze polepole hadi rojo liguse lote. Kandamiza sponji mgongoni mwa wavu, ikamue, rudia mara 4 au 5 hadi isinyonye tena. Kisha inua fremu kuanzia ubavu ule ule uliotangulia kugusa, kana kwamba unafungua kifuniko cha sanduku. Pembe ikikataa kutoka, rudisha fremu, piga sponji tena hapo hapo, subiri kidogo.

Funika kwa kitambaa kingine chenye unyevu, weka karatasi ya pili, na kuendelea hadi karatasi 10.

Kukandamiza na kukausha

Weka rundo katikati ya mbao mbili, nje au bafuni, maana litatoa maji mengi. Anza na uzito mdogo, vitabu vichache ndani ya mfuko wa plastiki, kwa dakika 10. Baadaye simama juu yake kwa dakika 5, au kaza kwa klampu kidogo kidogo. Mtu akiruka juu ya rundo tangu mwanzo, maji hutafuta pa kutokea kwa nguvu na kupasua karatasi katikati. Lakini usiruke hatua hii kabisa: karatasi isiyokandamizwa inakauka ikiwa laini kama karatasi ya choo.

Baada ya hapo kuna njia mbili. Ukianika karatasi pamoja na kitambaa chake kwenye kamba, utapata uso wenye chembechembe na karatasi iliyojikunjakunja. Ukitaka iliyonyooka, ilaze kwenye kioo, kigae au ubao wa plastiki ulio laini, piga brashi mgongoni mwa kitambaa kutoka katikati kwenda nje, kisha bandua kitambaa. Karatasi itakauka imeshikwa isiweze kusinyaa ovyo, na upande wa kioo utakuwa laini wa kuandikia. Ikikauka kabisa inaachia yenyewe, usiikwangue kabla. Epuka jua la moja kwa moja, kwani kingo hukauka kabla ya katikati na karatasi hupinda.

Kujua kama imekauka, iweke shavuni. Ikiwa ya baridi, bado kuna maji. Ikishakauka, ilaze chini ya vitabu vizito kwa siku 2.

Wino usisambae

Karatasi ya namna hii hunywa wino kama kitambaa. Kwa kadi za kubandika mapambo haina neno, ila kwa kuandika inataka kutiliwa kitu cha kuzuia maji. Njia nyepesi ni wanga: vuruga kijiko kikubwa kimoja cha wanga wa mahindi katika kikombe cha maji baridi, chemsha ukikoroga hadi uwe wa kung'aa, umimine kwenye beseni kabla ya kuanza kuchota. Unapunguza kusambaa, hauondoi kabisa.

Jelatini inafanya kazi vizuri zaidi. Loweka gramu 20 kwenye lita moja ya maji baridi kwa dakika 15, pasha hadi iyeyuke bila kuchemka, kwa sababu ikichemka inapoteza nguvu. Paka kwa brashi pana pande zote mbili za karatasi ambayo imekaa wiki moja tangu ikauke. Karatasi iliyokauka jana ukiipaka, inafumuka mkononi.

Rangi na maua

Rangi rahisi kuliko zote ni karatasi ya rangi: saga kadi nyekundu moja pamoja na nyeupe 5, utapata waridi. Karatasi laini za mapambo hutoa rangi kali, ila nyingine huchujuka na kuchafua za jirani kwenye rundo, kwa hiyo zikandamize peke yake.

Maua mabichi ni mtego. Yanapendeza siku ile, halafu yanageuka kahawia na kuacha duara la maji ya chai kandokando. Yakaushe ndani ya kitabu kwa wiki 2, chagua mabua membamba na majani bapa. Yapange juu ya karatasi mbichi iliyokwisha kuhamishiwa kwenye kitambaa, halafu mwagia juu yake rojo jepesi sana kwa kijiko ili yashikwe. Yakiwekwa juu bila kufunikwa yatabanduka siku ya kwanza.

Kadi

Usiikunje karatasi ya mkono kwa vidole. Itavunjika na kutoa nywele. Weka rula katikati, pitisha mpini wa kijiko au sindano ya kufumia mara 2 kwa kukaza, uache mfereji, ndipo ukunje. A5 ikikunjwa inakuwa A6, ambayo huingia kwenye bahasha ya C6 ya milimita 114 kwa 162. Karatasi ya mkono husinyaa kidogo na kingo zake hazinyooki, kwa hiyo pima kila moja. Kingo hizo usizikate, ndizo zinazoitofautisha na ya dukani. Ukilazimika kuipunguza, chora mstari kwa brashi yenye maji, subiri dakika moja, kisha ichane ukiwa umeegemeza rula.

Daftari la kushona

Chukua A5 6, zikunje katikati moja moja, kisha zipachikane. Utapata kurasa 24 za A6. Zaidi ya 6 mgongo unavimba na kurasa za katikati zinachomoza mbele. Jalada ni karatasi moja ya maboksi ya kaki. Pitisha uzi wa sentimita 50 kwenye mshumaa ili usijifunge mafundo.

1. Kwenye mkunjo, toboa matundu 3 kwa sindano nene: moja katikati kabisa, mawili mengine sentimita 2 kutoka kila mwisho.
2. Ingiza sindano tundu la katikati kutoka ndani kwenda nje, ukiacha mkia wa sentimita 8.
3. Rudi ndani kwa tundu la juu.
4. Ndani, ruka tundu la katikati na utokee nje kwa tundu la chini.
5. Rudi ndani kwa tundu la katikati. Usiuchome uzi uliokwisha kupita hapo; ukiuchoma hautavutika tena.
6. Hakikisha ncha mbili za uzi ziko kila moja upande wake wa ule uzi mrefu. Vuta kwa kufuata mkunjo, si kwa kuunyanyua juu, maana ukiunyanyua matundu yanachanika. Funga fundo mara mbili juu ya uzi mrefu, kata ukiacha sentimita 1.

Bakuli

Hili ndilo kaburi la rojo la mwisho na trei za mayai. Pika uji wa unga wa ngano, kikombe 1 cha unga kwa vikombe 5 vya maji, ukivuruga unga kwenye maji baridi kwanza. Ukishapoa, changanya na rojo ulilolikamua kwa mkono hadi lisichuruzike. Funga bakuli la kawaida kwa mfuko wa plastiki, ligeuze, tandaza rojo nje yake kwa unene wa nusu sentimita, ukikandamiza kwa sponji ili maji yatoke. Baada ya siku 2 kingo zikiachia, chomoa bakuli la ndani na uache lingine likauke pande zote kwa siku 3 zaidi. Ukilipaka nene zaidi, nje litakauka na ndani litaota ukungu kwa sababu ya unga. Lipake vanishi; ikishakauka linafaa kuwekea funguo na vifungo. Chakula na maji hapana.

Maji ya beseni usiyamwage kwenye sinki hivi hivi. Nyuzi hutulia kwenye mkunjo wa bomba na kujenga kizibo ambacho hata maji ya moto hayakiondoi. Chuja kwa kitambaa, kamua rojo liwe madonge ya ukubwa wa yai, uyakaushe kabisa. Madonge makavu hukaa miezi mingi. Siku ukiyahitaji, yaloweke usiku mmoja na kuyapitisha kwenye blenda sekunde chache tu. Rojo bichi linakaa siku 4 au 5 kwenye friji, na likishaanza kunuka nuka karatasi yake itabaki na harufu hiyo hata ikikauka.